Baba Fulani Anatafuta Jina

Jumamosi, 12 Januari 2019

Nimepewa kazi. Mke wangu Heledd kanipa leo asubuhi, soksi moja mguuni, nyingine mkononi kwa sababu mguu wa pili haufikii tena. Yeye anabeba, yeye anatapika, yeye anavimba, na mwezi wa nne yeye ndiye atakayezaa. Mimi mpaka sasa nimefanya nini? Nimepaka rangi chumba cha mtoto, na rangi yenyewe imekauka mabakamabaka kama mkojo wa paka. Basi jina nitafute mimi. Masharti matatu: liwe la Kiwelisi, liwe la kiume (picha ya tumbo ilionyesha bila haya yoyote), na mimi mwenyewe niweze kulitamka.

Hilo la tatu kalisema akinitazama juu ya miwani.

Ana haki. Mimi ni Mwelisi wa mabonde ya kusini, kwetu Aberdare, ambako lugha ilitutoka enzi za mababu na kutuachia lafudhi na raga. Heledd ni wa huku kaskazini, kwao ni shambani milimani, juu ya mji wetu wa Bala. Huko hata mbwa hawajui Kiingereza. Nina miaka kadhaa ya darasa la jioni, na bado nikiagiza mkate dukani yule mama ananijibu kwa Kiingereza. Kwa upole, kama mtu anayemvusha kipofu barabara.

Mpaka jina lipatikane, Heledd anasema ataniita Baba Fulani.

"Baba Fulani, nivalishe soksi."

Nimemvalisha. Kazi rahisi tu. Ya jina, namaanisha. Wiki moja inanitosha.

Jumatano, 16 Januari

Llŷr. Llew. Llywelyn. Majina ya wafalme hayo! Nimeyapata kwenye simu nikingoja boila ya mteja ipate moto. (Ndiyo kazi yangu, boila, mitambo ya kupasha nyumba joto. Natengeneza joto la watu.)

Tatizo ni ile sauti ya mwanzo. Mwalimu wetu anasema: weka ulimi kama unataka kusema "l", kisha upulizie upepo pembeni. Nimefanya mazoezi garini njia nzima. Kioo cha mbele kimeloana kwa ndani.

Jioni nikamjaribishia Heledd. Akafuta shavu kwa mkono wa sweta. Jina ni zuri, kasema, ila mtoto atakuwa anaogeshwa kila akiitwa.

Wafalme wote nimewafuta.

Jumapili, 20 Januari

Chakula cha mchana kwa wakwe. Kondoo wa kuoka, viazi, mchuzi mzito, halafu wali wa maziwa wenye ngozi ya kahawia juu. Mama mkwe, Mama Eirwen, hupakua kama anashindilia gunia. Mzee Tecwyn, baba mkwe, hula kimya. Mzee ni mtu wa maneno machache. Akisema "mvua" ujue leo kahutubia.

Nikatangaza kwamba mtafuta jina ni mimi. Mama Eirwen akaweka kijiko chini, akamuuliza binti yake kama ana homa.

Nikajitosa. Gwilym? Hilo ni jina la dume la kondoo lililomvunja mama mkwe nyonga. Emyr? Mwalimu mkuu wa zamani, mkono mwepesi, hapana. Taliesin, lile la mshairi mkuu wa kale? Mama Eirwen akarudia polepole, "Taliesin. Mtoto wa fundi boila." Nikaelewa. Idwal? Heledd akaanza kuvitazama viazi vyake kwa makini. Mama mkwe akasema kwa sauti tamu kwamba Idwal alikuwa kijana mzuri sana, karibu awe mkwe wa nyumba hii, na sasa ana ng'ombe wengi.

Nikaomba wali tena.

Ndilo tatizo la huku. Kila jina tayari lina mtu, na kila mtu ana kisa. Kusini unampa mtoto jina kama kofia mpya. Huku ni kofia zilizokwisha kuvaliwa zote, na kila moja wanajua ilinuka nini.

Juu ya kabati, pembeni ya zile sahani za mapambo, kuna picha ya Pwt, kaka yake Heledd. Jezi ya raga, matope mpaka masikioni, anacheka. Alikufa kabla sijamjua Heledd: pikipiki ya magurudumu manne, mlimani, akiwa anakusanya kondoo. Pwt ni kama kusema Kijipande. Alizaliwa mdogo sana, jina likamganda hata alipokuwa mrefu kupita mlango. Huwa hawamzungumzii. Mama Eirwen akipita hupangusa kioo cha picha kwa pindo la aproni, basi.

Jumanne, 29 Januari

Mama kapiga simu kutoka Aberdare. Anataka mjukuu mwenye jina ambalo yeye atalitamka bila kuvua meno. Kapendekeza Craig.

Nikamwambia tunataka la Kiwelisi. Akasema sawa, lakini nikumbuke mtoto huyo siku moja atafanya kazi Uingereza, na watu watalisoma jina lake kama namba ya gari.

Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeniita Lyndon, na mwalimu wa michezo akaniita Linda mpaka namaliza shule.

Akasema hilo lilikuwa kosa la mwalimu.

Alhamisi, 7 Februari

Nimegundua mbinu. Jina halipimwi kwenye karatasi. Jina linapimwa nje, kwa kuita. Maana kazi ya jina ni nini? Ni kumwita mtoto aje kula. Basi unasimama uani, unaweka mikono mdomoni, unaita, unasikiliza linavyorudi.

Leo nimejaribu Macsen. "Macsen! Macsen! Njoo ule!" Zuri! Lina uzito, halina mate.

Akaja. Mbwa wa jirani karuka ukuta, kapita juu ya bustani yangu ya vitunguu, kakaa mbele yangu akingoja hicho chakula. Jirani naye kachungulia juu ya ukuta, kauliza kwa adabu kama namhitaji mbwa wake kwa jambo fulani.

Heledd alikuwa dirishani. Alicheka mpaka akalazimika kukaa sakafuni, kisha akashindwa kunyanyuka, ikabidi niingie nimwinue. Mbwa naye akaingia. Tumempa soseji, angalau mmoja ameitika.

Ijumaa, 22 Februari

NIMELIPATA.

Leo nilikuwa upande wa baharini, kanisa la zamani, mtambo wao wa kupasha joto umekufa. Nikiwa nimelala chini kifudifudi na tochi, naona maandishi ya kale kwenye jiwe ukutani. Karibu yote yamelika. Neno moja limebaki zima: Ynyr.

Nikamuuliza mama wa kupanga maua ni neno gani. Akasema ni jina la mwanamume, la zamani sana, siku hizi halisikiki. Akalitamka: kama "Anir", r ya mwisho inaviringika kidogo. Nikalirudia. Akatikisa kichwa kukubali, na hakunijibu kwa Kiingereza!

Fupi. Halina ile sauti ya mate. Halina dume la kondoo wala mbwa wala Idwal. Nimelisema njia nzima kurudi nyumbani, kioo kikavu.

Sijamwambia Heledd. Nataka iwe zawadi. Mwanzoni mwa Machi, Jumapili ya baada ya sikukuu yetu Wawelisi, tutakuwa kwa wakwe, nitalipima kule shambani, penye nafasi, kisha nilitangaze mezani. Mama Eirwen atafungua mdomo, atashindwa kupata kisa.

Mwerevu mimi.

Jumapili, 3 Machi

Ningekuwa na haya nisingeandika leo. Lakini naandika.

Tulifika mapema. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka uani, geti la mlimani huwezi kuliona. Heledd na mama yake wako jikoni wanamenya karoti. Mzee Tecwyn yuko zizini na kondoo wenye mimba. Nikasema natoka kidogo kuiangalia boila yao. Uongo.

Nikasimama katikati ya uani. Mara ya kwanza nikaliita taratibu. Likanoga. Nikaweka mikono mdomoni, nikaita kwa nguvu zangu zote kuelekea juu:

"Ynyr! Ynyr! Njoo!"

Mlima ukalirudisha. Nikaona fahari, Mungu nisamehe. Nikaita tena.

Jikoni kitu kikaanguka. Zizini chuma kikagonga chuma, na Mzee Tecwyn akatoka anakimbia. Mzee ambaye sijawahi kumwona akiharakisha hata kwenye mvua. Hakuja kwangu. Alinipita kama mti, akaenda mbio mpaka kwenye geti la mlimani, akalishika, na hapo akasimama. Mgongo wake ulikuwa unapanda na kushuka. Akageuka, akaniona ni mimi, mikono yangu bado iko mdomoni. Akapita, akarudi zizini.

Ndani, Mama Eirwen amesimama mbele ya sinki, kashika ukingo kwa mikono miwili, bomba liko wazi, maji yanafurika sakafuni juu ya karoti. Heledd akalifunga bomba. Akanitazama kama mtu asiyenijua.

"Nani kakwambia ulitaje jina hilo?"

Nikasema nimelipata mwenyewe. Nikasema ni la mtoto. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama, na sikunyamaza, kwa sababu mimi nikiogopa ndipo ninaposema zaidi.

Hatukula. Heledd aliendesha yeye, tumbo likigusa usukani. Kando ya ziwa akasimamisha gari, akaniambia. Ynyr ni Pwt. Ndilo lilikuwa jina lake halisi.

Siku aliyokufa kulikuwa na ukungu kama huu. Mzee alipanda mlimani kumtafuta, akiita.

Jumatatu, 4 Machi

Miaka minne nimekula kwenye meza ile chini ya picha ile. Sijawahi kuuliza jina lake. Niliona Pwt, nikatosheka, kama vile mtu anaweza kubatizwa Kijipande.

Makaburini niliwahi kwenda nao mara moja. Kulikuwa na mvua. Nilibaki garini kuilinda keki.

Jumamosi, 9 Machi

Nilipiga simu kuomba radhi. Mama Eirwen kapokea. Kabla sijafika penyewe kasema boila yao haina shida, ahsante Lyndon, akakata. Siku zote huniita mwanangu.

Heledd hataki habari ya majina. Nimeuliza kama kazi yangu bado ipo. Kasema niipumzishe. Baba Fulani nalo halisikiki tena, ananiita Lyndon, kama mama yake.

Jumapili, 17 Machi

Hatukwenda. Tumekula mayai.

Jumamosi, 30 Machi

Jana Mzee Tecwyn kapiga simu mwenyewe. Mzee hajawahi kupiga simu, nilidhani kuna msiba. Kauliza, "Una mikono?" Nikasema ninayo. "Njoo nayo kesho."

Kondoo wanazaa. Miaka yote Heledd ndiye humsaidia baba yake, lakini mjamzito haruhusiwi kukaribia zizi wakati huu, kuna magonjwa ya kondoo yanayodhuru mimba. Kwa hiyo nimekwenda mimi. Mtaalamu wa boila.

Nilipigwa teke kabla sijavaa glavu. Nikapaka dawa kitovu cha mwanakondoo, nusu yake nikaipaka suruali. Mzee akaniambia nimshike kondoo mmoja shingo, nikamshika vizuri sana, kumbe siye. Mkono wangu ni mpana mno kuingia ndani kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya. Mzee akaingiza wake, macho kafumba, anasikiliza kwa vidole. Akamtoa. Kinyama kimelowa, hakipumui. Akakishika miguu ya nyuma, akakibembeza hewani, akakilaza, akakisugua kwa majani makavu kwa nguvu mpaka nikaona huruma. Kikapiga chafya. Mama yake akaanza kukilamba.

Nikashukuru kwa sauti. Mzee akanitazama kana kwamba kidogo tu, kidogo sana, nimepata alama.

Tukakaa juu ya marobota ya majani tukanywa chai ya kwenye themosi. Nikaona hapa ndipo pa kuomba radhi. Nikaanza. Akainua kidole, nikanyamaza.

"Lile jina," akasema. "Liseme."

Nikasema mzee, sithubutu.

"Liseme."

Nikalisema. Taratibu, nikitazama kikombe.

"Unalitamka vibaya," akasema. "Tena."

Nikalisema tena. Akaegemea kidogo ukutani, macho yamefumba, kama alivyokuwa akisikiliza ndani ya kondoo. Kisha akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kutoka kwake. Siku ile aliita jina hilo tangu mchana, ukungu umefunga, huoni hata mkono wako. Jikoni Eirwen alikuwa anasikia. Kila akisikia kijana anaitwa, alijua bado anatafutwa. Halafu Mzee akamwona, chini ya pikipiki, kwenye bonde la kijito. Akaacha kuita.

"Hakuna aliyemwambia," akasema. "Alijua niliponyamaza."

Tangu hapo Mama Eirwen hawezi kulisikia, na yeye hajalisema. Lilikuwa la babu yake Mzee, kisha la kijana, na sasa si la mtu. Wamemzika kijana, kasema, halafu wakalizika na jina, na la pili halikuwa haki.

Safari hii, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikujibu.

Akamimina chai iliyobaki chini. "Mimi ningependa," akasema, akasimama, akaenda kumwangalia kondoo mwingine. Hakumalizia angependa nini. Hakukuwa na haja.

Jumapili, 31 Machi

Sikukuu ya kina mama. Nikamweleza Heledd yote asubuhi. Alilia kwanza, kisha akakasirika, na hasira ndiyo iliyobaki.

"Kaka yangu alikuwa mtu, si koti," kasema. "Simvishi mtoto wangu."

Hataki mtoto aitwe huku watu wakimtazama mtu mwingine nyuma yake. Hataki kila akipanda juu ya kitu bibi yake azimie. Nikaona ana haki. Jana nilimwona Mzee ana haki. Mimi ni mtu wa hivyo, anayesema mwisho ndiye anayenipata.

Tukapeleka maua ya manjano. Mama Eirwen akayapokea, akanibusu shavu, shavu likapoa. Tukanywa chai na mkate wa zabibu. Hakuna aliyegusa jambo hilo, mpaka yeye mwenyewe akaligusa, akiukata mkate, hatutazami.

"Mwiteni mpendavyo. Hata Craig nitampenda." (Nani kamwambia habari za Craig? Heledd anatazama dari.) "Lakini mtu akisimama nje akamwita kwa jina lile, mimi ndani sitaweza kukaa."

Mzee Tecwyn akaweka kikombe. "Basi tutamwita akiwa ndani."

Mama Eirwen kamtazama mumewe muda mrefu, kisu kimesimama kwenye mkate. Sijui alitaka kumpiga au kumkumbatia. Hakufanya lolote. Akavaa viatu vya mpira, akaenda kuwanywesha wanakondoo yatima kwa chupa, akakaa huko mpaka tukaondoka.

Jumatano, 10 Aprili

Amezaliwa. Mzima. Heledd mzima. Mimi nilikaa chini kidogo wakati fulani, mkunga akanipa maji na kuniambia ninyamaze nisimkatishe mzazi pumzi.

Ana nywele nyingi na hasira nyingi. Kanishika kidole.

Mkunga kauliza anaitwa nani. Tukatazamana. Kwenye kikuku cha mguuni wameandika "Mtoto wa Heledd."

Jumamosi, 13 Aprili

Nyumbani. Hana jina.

Mji mzima umeshauliza. Duka la mkate wameuliza, jirani kauliza akiwa na Macsen kwenye kamba, Mama wa Aberdare anauliza asubuhi na jioni na huanza na "najua si Craig, lakini." Sheria inatupa wiki sita za kumwandikisha. Namshika kifuani, najaribu kumnong'oneza jina moja moja nione lipi linakaa. Gwern. Cai. Ithel. Ananitazama kama mteja anayeambiwa bei.

Lile moja sijamnong'oneza. Lipo tu mdomoni, linangoja, na kila nikifungua mdomo naogopa litatoka lenyewe.

Heledd kaniuliza leo, akiwa ananyonyesha, jiwe lile la kanisani lilikuwa la nani. Nikamwambia sijui, yote yamelika isipokuwa jina. Akasema, "Ni zuri, lakini." Nikangoja. Hakuendelea. Siku hizi kila mtu katika familia hii ananiachia sentensi nusu.

Alhamisi, 18 Aprili

Naandika nikiwa ngazini, daftari gotini. Nilikuwa nashuka jikoni kuandikia mezani, lakini sasa sina ruhusa ya kusogea.

Mama Eirwen alikuja jana kutusaidia, Mzee kabaki na kondoo. Asubuhi hii tumeamka jua limejaa chumbani, kitanda cha mtoto kitupu. Nikashuka nusu ya ngazi. Mlango wa jikoni uko wazi kidogo. Mama Eirwen yuko dirishani, amenipa mgongo, mtoto begani. Anamwambia kisa. Kwa Kiwelisi, polepole kama mtu anavyosema na mtoto, kwa hiyo hata mimi naelewa karibu yote.

Ni kisa cha mjomba wake. Eti alikuwa na umri wa kwenda shule, akamficha nungunungu mdogo wa huku ndani ya kinanda cha kanisa, mpiga kinanda akaanza wimbo, kikatoka kilio, waumini wakadhani ni roho. Baba yake akataka kumchapa, akashindwa kwa kucheka, akamkimbiza tu kuzunguka kanisa ili watu waone. Mama Eirwen anasimulia na anacheka puani. Anasema "yeye." Anasema "mjomba wako." Anasema "yule mtoto." Jina analizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi.

Nikataka kuingia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme habari za asubuhi. Heledd akanishika kola kutoka nyuma, akanivuta chini. Tukakaa ngazi moja, tumebanana. Sikujua kwamba amenifuata.

Mtoto akaanza kulia. "Subiri," bibi yake akamwambia, "sijafika. Baba yake amechoka kukimbia, amekaa kwenye ukuta wa makaburi, anahema. Basi Ynyr akarudi mwenyewe, akakaa pembeni yake, akamwuliza—"

Hapo akanyamaza. Mtoto naye kanyamaza, sijui kwa nini, pengine sauti ilipokatika aliishangaa.

Kisha akalisema tena. Hakuita. Alilisema chini chini, kama mtu anayepima maji ya kuogeshea mtoto kwa kiwiko. Likapita. Hakuna kilichoanguka.

Heledd analia kimya kwenye bega langu na kanikanyaga kidole na sithubutu kumwambia.

Nje nalisikia gari la Mzee linaegeshwa. Kaja kumwona mjukuu kabla ya kurudi kwa kondoo wake. Ataingia kwa mlango wa jikoni bila kuvua viatu, na atauliza kile anachouliza kila akipiga simu, maana siku hizi anapiga: huyu mtu anaitwa nani leo?

Nikainuka kwenda kumpokea, nimwahi, nimwonye, niseme chochote. Heledd kanikalisha.

"Kaa," kaninong'oneza. "Mwache Mama ajibu."

Mlango wa gari umefungwa. Viatu vyake viko kwenye kokoto.